Mama, Ijue Kamera Yako: Siri ya Shata na Fremu katika Picha za Video

Jumamosi yoyote ukisimama kituoni Tabata Relini au Barakuda, hutakosa kuona msafara wa harusi. Mbele hutangulia pikapu iliyobeba wapiga matarumbeta, na jirani yake huenda gari jingine lenye kijana aliyening'inia dirishani na kamera yake begani. Zamani kijana huyo ndiye aliyekuwa na kamera peke yake. Siku hizi mashangazi, wifi, mashemeji na majirani wote wameinua simu. Kila mmoja anapiga video yake.

Lakini ngoja wiki mbili zipite, familia ikusanyike sebuleni kuangalia. Hapo ndipo malalamiko yanapoanza. "Mbona ukumbini kuna mistari myeusi inapanda na kushuka?" "Mbona akina mama wakicheza mikono yao inakuwa kama moshi?" "Mbona nje picha inakatikakatika kama mtu anaruka?" Mpiga video hulaumiwa, simu hulaumiwa, na wakati mwingine hata Tanesco hulaumiwa. Tena harusi hairudiwi. Ubatizo wa mtoto haurudiwi. Bibi aliyetoa baraka siku ile pengine mwakani hatakuwepo.

Mpenzi msomaji, makosa mengi ya namna hii yana chanzo kimoja. Ni mambo mawili tu ambayo wengi wetu hatujaelezwa: idadi ya fremu kwa sekunde, na kasi ya shata. Si mambo ya mafundi peke yao. Mama anayeweza kupima unga wa chapati kwa macho anaweza kuyaelewa kabisa. Nami kwa kuwa kazi yangu ni uuguzi, nitakuonyesha pia jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kumsaidia daktari kumtambua mtoto wako anaumwa nini.

VIDEO NI PICHA ZILIZOSIMAMA

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba hakuna picha inayotembea. Video ni picha nyingi zilizosimama, zinazoonyeshwa moja baada ya nyingine upesi sana hadi jicho linadanganyika. Kila picha moja kati ya hizo huitwa fremu. Ukiwahi kuchora vijitu pembeni mwa daftari, kisha ukaachia kurasa kwa kidole gumba, umekwisha kutengeneza sinema.

Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walipoonyesha sinema zao mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, mashine yao ilizungushwa kwa mkono na ilipitisha kama fremu 16 kwa sekunde. Ndiyo maana watu katika sinema za zamani huonekana wakitembea kwa haraka ya kuchekesha: zilipigwa kwa fremu chache, baadaye zikaonyeshwa kwa mashine yenye kasi kubwa zaidi. Sauti ilipoingia katika sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, hesabu ikatulia kwenye fremu 24 kwa sekunde, na sinema nyingi hutumia hesabu hiyo mpaka leo.

Televisheni ilipokuja ilifuata umeme wa kila nchi. Marekani, ambako umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, walichukua fremu zipatazo 30. Ulaya, na nchi nyingi zilizofuata mitambo ya Ulaya, umeme hupiga mara 50, kwa hiyo wakachukua fremu 25. Sisi tumo katika kundi hili la pili. Televisheni ya Zanzibar iliyoanza 1973, tena kwa rangi, ilitumia fremu 25. ITV ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, nayo ilikuwa ni 25. Hata mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na ving'amuzi vikachukua nafasi, hesabu hiyo ya 25 haikuondoka.

Huenda wewe mwenyewe umekutana na tofauti hii bila kuijua jina. Unakumbuka miaka ile ndugu aliyekuwa Marekani alipotuma mkanda wa harusi yake? Mkanda ukiwekwa kwenye deki ya hapa, picha hutoka bila rangi, au huporomoka kama maji ya mvua. Mkanda haukuwa mbovu. Ulikuwa umepigwa kwa hesabu nyingine.

SHATA NI MLANGO

Sasa tuje kwenye shata. Kila fremu inapopigwa, kamera hupokea mwanga kwa muda mfupi, kisha huacha. Muda huo ndio unaoitwa kasi ya shata. Fikiria mlango wa chumba chenye giza. Ukiufungua kwa kitambo kirefu, mwanga mwingi unaingia. Ukiufungua na kuufunga fyu, mwanga kidogo unaingia. Kwenye kamera za zamani shata ni kipande halisi kinachofunguka na kufunga. Kwenye simu hakuna mlango wa kushika kwa mkono. Ni umeme tu unaoiambia kamera "anza kupokea" na "acha". Kazi ni ile ile.

Muda huu huandikwa kwa sehemu ya sekunde. 1/50 maana yake ni sekunde moja imegawanywa mara hamsini, na mlango umefunguliwa kwa fungu moja. 1/500 ni muda mfupi zaidi, sehemu ya kumi ya ule wa kwanza. Usichanganyikiwe na namba: iliyo chini ya mstari ikiwa kubwa, muda ni mdogo. Ni sawa na kugawa mkate. Ukiukata vipande 50, kila kipande kina ukubwa wake. Ukiukata vipande 500, watoto watalalamika.

Kwa nini muda huo una maana? Kwa sababu kitu kikisogea wakati mlango uko wazi, kinaacha alama ya kuburuzika. Chukua mfano wa mama anayepiga makofi kwenye kwaya, mkono wake ukienda mita 2 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/50, mkono husogea sentimita 4 kabla mlango haujafungwa. Kwenye fremu hiyo mkono utaonekana umefifia kwa upana wa sentimita 4. Kwa shata ya 1/500 mkono husogea milimita 4 tu, kwa hiyo unaonekana wazi hadi pete kidoleni.

Unaweza kusema, basi tuweke 1/500 siku zote. La, hasha. Kwanza, ni giza: mlango uliofunguliwa kwa sehemu ya kumi ya muda huingiza sehemu ya kumi ya mwanga. Ndani ya ukumbi kamera italazimika kujiongezea nguvu ili ione, na picha itajaa chengachenga. Pili, jicho la binadamu linapenda ule ukungu kidogo wa mwendo. Fremu zote zikiwa kali mno, mtu anayetembea huonekana kama anaruka kutoka hatua moja hadi nyingine.

KANUNI YA MARA MBILI

Wapiga sinema wana kanuni rahisi ya kuanzia. Chukua idadi ya fremu kwa sekunde, izidishe mara mbili. Hiyo ndiyo namba ya shata. Ukipiga fremu 25, weka shata 1/50. Ukipiga 30, weka 1/60. Ukipiga 50, weka 1/100. Kwa kanuni hii mlango hukaa wazi nusu ya muda wa kila fremu, na mwendo huonekana laini kama tulivyozoea kuuona.

Sasa angalia vizuri. Kwetu Tanzania kanuni hii ina mtego mmoja, nao ndio unaoleta mistari myeusi ukumbini.

UMEME WETU NA MISTARI MYEUSI

Umeme wa nyumbani kwetu hugeuka mwelekeo kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Taa huwaka umeme unapokwenda na huwaka tena unaporudi. Kwa hiyo taa nyingi hazitoi mwanga wa kutulia. Hung'aa na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho letu halioni. Kamera inaona.

Balbu za zamani za waya hazikuwa na shida kubwa, kwa sababu ule waya mwekundu hauwahi kupoa kati ya mwako mmoja na mwingine. Taa za tyubu za namna ya zamani hufifia sana. Taa za LED zinatofautiana: zile zenye kifaa kizuri ndani hutulia, na zile za bei rahisi hupepesa vibaya. Na kumbi zetu nyingi zimejaa za bei rahisi.

Simu nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kupiga fremu 30. Kwa kanuni ya mara mbili shata inakuwa 1/60. Katika muda wa 1/60 taa zetu hung'aa mara moja na zaidi ya nusu. Fremu moja hupata mwako mzima na kipande kikubwa, nyingine hupata mwako mzima na kipande kidogo. Moja inakuwa na mwanga zaidi, inayofuata ina mwanga pungufu, na picha inapepesa mara 10 kwa sekunde. Tena kwa kuwa kamera ya simu haisomi picha yote kwa mara moja, bali husoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, mwanga huo usio sawa hujitokeza kama mistari mipana inayotembea.

Dawa yake ni nyepesi: acha mlango wazi kwa mwako mzima, au miwili mizima, bila vipande. Hiyo ni shata ya 1/100 au 1/50. Hapo kila fremu hupata mgao sawa, kama mama anayegawa nyama kwa idadi ya watoto. Hata ukibaki kwenye fremu 30, shata ikiwa 1/50 au 1/100 mistari huondoka. Na ukiweza kupiga fremu 25 na shata 1/50, umefuata kanuni ya mara mbili na umeelewana na umeme wa nyumbani kwa pamoja.

Kwenye simu utayapata wapi haya? Kwenye iPhone, nenda kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya kurekodi video, uwashe muundo wa PAL. Hapo utaiona 25 ikijitokeza. Simu nyingine nyingi zina sehemu ya kitaalamu ya video ambapo unaweza kuchagua shata mwenyewe. Nyingine zina mahali pa kuzuia kupepesa kwa taa, nawe unachagua 50 badala ya 60. Simu zenye akili hujaribu kujirekebisha zenyewe, lakini iliyonunuliwa Marekani au Kanada ichunguze kwanza kabla ya siku ya shughuli.

Kuna mambo matatu ambayo hata 1/50 haiwezi kuyamaliza. Moja ni jenereta. Umeme ukikatika katikati ya sherehe na jenereta ikaungurumishwa, mara nyingi haitoi 50 kamili. Hupanda ikiwa na mzigo mdogo na hushuka feni na friji zikiwashwa. Mistari itarudi, ikitembea polepole. Pili ni taa za rangi za mapambo nyuma ya maharusi, ambazo nyingi hupepesa kwa hesabu yao wenyewe. Tatu ni ukuta wa televisheni au projekta. Kwa hayo, washa taa za kawaida za ukumbi kadiri inavyowezekana, na mwombe mpambaji azitulize zile za kumeremeta wakati wa kukata keki na kula viapo.

JUANI MAMBO HUGEUKA

Nje hali ni kinyume. Saa saba mchana pale uwanjani, jua la Dar es Salaam ni kali kiasi kwamba shata ya 1/50 huifanya picha iwe nyeupe pee. Simu ikiachwa ijipangie, itaikimbiza shata hadi 1/1000 au zaidi. Hapo ndipo matarumbeta yanapoonekana yakirukaruka. Wapiga video wenye vifaa hufunga mbele ya lenzi kioo cheusi cha kupunguza mwanga, kama miwani ya jua, ili wabaki kwenye 1/50. Ukiwa na simu tupu, tafuta kivuli cha mwembe, au subiri saa kumi na moja jioni jua linapolegea. Picha za familia hupendeza zaidi saa hizo, na akina bibi hawakunji nyuso.

Hapa pia utaona maajabu ya magurudumu. Bajaji inakwenda mbele, lakini kwenye video gurudumu linarudi nyuma! Si uchawi. Ikiwa kati ya fremu moja na nyingine gurudumu limezunguka karibu duara zima, jicho hulidhania limerudi nyuma kidogo. Pangaboi la darini hufanya vivyo hivyo, na wakati mwingine huonekana limesimama kabisa huku wageni wakipepewa. Watoto wakikuuliza, sasa una jibu.

MWENDO WA POLEPOLE

Vijana wetu wanapenda sana video ya mwendo wa polepole: bibi harusi akirusha shada, akina mama wakitunza kwa noti, mtoto akiruka kamba. Siri yake ni kupiga fremu nyingi kisha kuzionyesha taratibu. Ukipiga fremu 120 kwa sekunde na kuzionyesha 30 kwa sekunde, tukio la sekunde 10 litachukua sekunde 40.

Lakini kila kitu kina gharama. Ukipiga fremu 120 kwa sekunde, kila mlango hauwezi kukaa wazi zaidi ya 1/120, yaani chini ya mwako mmoja wa taa zetu. Ukumbini picha itapepesa tu, utake usitake. Basi mwendo wa polepole uweke nje, kwenye jua, wakati maharusi wanashuka ngazi za kanisa. Ndani baki na 25 au 30.

VIDEO YA MTOTO MGONJWA

Sasa, mama mwenzangu, tuache keki na ndafu, tuingie chumbani usiku. Mtoto ametoa macho, mkono mmoja unarukaruka, mwili umekakamaa. Mpaka mpate usafiri kutoka Kimanga au Kisukuru hadi hospitali, mtoto amekwisha tulia na amelala. Daktari anauliza: "Ilianzia upande gani? Macho yaligeukia wapi? Ilichukua dakika ngapi?" Mama, kwa hofu aliyokuwa nayo, hakumbuki. Hapo video ya nusu dakika ina thamani kuliko ya harusi nzima.

Tangulia kumsaidia mtoto kwanza. Mlaze ubavu mahali salama, mlegeze nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu, usimfukize moshi wa aina yoyote. Tazama saa. Ikizidi dakika 5, au ikirudi kabla hajazinduka, ni dharura. Hata ikikoma yenyewe, degedege lolote la mara ya kwanza na degedege lenye homa lipelekwe kituo cha afya bila kukawia, kwani malaria na uti wa mgongo havingoji asubuhi. Kupiga video ni kazi ya mtu wa pili. Ukiwa peke yako, mtoto kwanza, simu baadaye.

Huyo mtu wa pili akumbuke tuliyosema juu ya mlango. Chumba kikiwa na giza, simu nyingi hurefusha muda wa shata na kushusha idadi ya fremu ili zione. Ikishuka hadi fremu 15 na shata 1/15, ule mkono wa mita 2 kwa sekunde utaburuzika zaidi ya sentimita 13. Daktari ataona ukungu tu, asitofautishe kutetemeka na kukakamaa. Kwa hiyo:

1. Washa taa zote za chumba. Simu nyingine imulike kutoka pembeni, si machoni mwa mtoto.
2. Mfunue mtoto, ili uso, mikono na miguu yote ionekane kwa pamoja. Kisha sogea uonyeshe uso na macho.
3. Tumia fremu 25 au 30 za kawaida. Usitumie mwendo wa polepole, kwa maana unaharibu hesabu ya muda: tukio la dakika moja litaonekana la dakika nne.
4. Shikilia simu kwa mikono miwili, viwiko vikigusa mwili, usiyumbe.
5. Usizime mapema. Piga hadi mtoto atulie, na uendelee kidogo baada ya hapo.
6. Taja kwa sauti saa na unachokiona: "Ni saa nane na dakika kumi, mkono wa kulia ndio umeanza."

Lipo tatizo moja la watoto wachanga ambalo bila video hupita hivi hivi. Mtoto wa miezi michache huinamisha kichwa ghafla na kurusha mikono, kama anayeshtuka au anayetoa heshima. Hudumu sekunde moja au mbili tu, kisha hurudia mara nyingi mfululizo, hasa anapoamka. Wazazi hudhani ni tumbo. Mwaka 1841 daktari Mwingereza, William James West, aliandika barua kwenye jarida la Lancet kueleza hali hiyo aliyoiona kwa mwanawe mwenyewe. Hakuwa na kamera. Alikuwa na kalamu na uchungu wa baba. Kwa sababu ya kule kuinama, madaktari wa wakati huo waliliita degedege la "salaam". Ni aina ya kifafa kinachohitaji matibabu ya haraka, maana kuchelewa huumiza ubongo unaokua. Tukio la sekunde moja, kwa fremu 25, ni picha 25. Daktari anaweza kuzitazama moja moja. Lakini ziwe picha 25 zilizo wazi, si 15 zenye ukungu.

Vivyo hivyo kwa mtoto anayepumua kwa shida. Akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua na tumbo, upige dakika moja nzima bila kukatisha. Kisha hesabu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, mpeleke hospitali. Usingoje video iwe nzuri.

Na neno moja la siri. Video ya mtoto mgonjwa si ya kuweka kwenye kundi la ukoo, wala kundi la mtaa. Mwonyeshe daktari kwenye simu yako mwenyewe. Ukiituma huku na huku hupunguzwa ubora, na tena heshima ya mtoto hupungua. Atakuwa mkubwa siku moja.

KABLA YA SIKU YA SHUGHULI

Kamati ya harusi hukaa vikao vingi kujadili chakula na mapambo, na mtu wa video hupewa dakika tano. Mama wa shughuli, mwulize mambo haya kabla hujalipa malipo ya awali:

- Atapiga fremu ngapi kwa sekunde? Akisema 25, na shata 1/50, ujue anaifahamu nchi yake.
- Kamera zikiwa mbili au tatu, zote zitakuwa na hesabu moja? Moja ikiwa 25 na nyingine 30, zikiunganishwa mwendo utakwama kila mara.
- Je, amewahi kupiga katika ukumbi huo? Kama bado, aende siku moja kabla, ajaribu dakika mbili chini ya taa zile zile zitakazotumika.
- Jenereta ikiwashwa atafanyaje? Mwenye uzoefu atakuja na taa zake za betri.

Nawe nyumbani jaribu zoezi dogo leo jioni. Simama chini ya taa ya jikoni, mwambie mtoto apunge mkono, mpige kwa fremu 30 kama simu ilivyo. Kisha badili, weka 25 au washa ile ya kuzuia kupepesa kwa 50, mpige tena. Zitazame zote mbili kwa utulivu. Zima taa moja, rudia, uone mkono unavyofifia. Robo saa itatosha.

Kamera haikuumbwa na macho ya mama. Haijui kwamba yule anayetembea taratibu mbele ya madhabahu ni binti yako wa pekee, wala haijui kwamba yule anayetetemeka kitandani ni mjukuu wako. Inapokea mwanga unaoipa, kwa muda unaoiruhusu. Basi ipe mwanga wa kutosha, ipangie 50 za nyumbani, na simu ikae na chaji usiku na mchana.